Kimya cha Bathsheba Mbele ya Mtahini

Mwiko ulikuwa ukikwangua sufuria. Inspekta Thadeus Obwocha aliusikia kabla hajafungua macho. Ulikwangua polepole, ukinyamaza kidogo kisha ukaendelea, kama anavyokwangua mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Nje bado palikuwa giza, na baridi ya Kisii ilipenya chini ya mlango.

"Loice, uji wa nani huo mapema hivi?"

"Wa yule mama wako wa seli."

"Si mama wangu."

"Basi ni wangu mimi," mke wake akasema. "Jana uliniambia hakula kitu. Nimetia wimbi na maziwa. Umpelekee ungali moto, usiende ukasimama kuongea na kila mtu njiani."

Obwocha alivaa viatu. Kesi ya mama huyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliitwa Bathsheba, mke wa mtu wa Gesima, upande wa Nyamira, ambaye mumewe alifanya kazi mbali, mwanamke wa makamo mwenye watoto, aliyekuwa akisoma Kiingereza katika darasa la watu wazima. Mwaka huo wa 1973 chuo kimoja cha wauguzi kilikubali kuwapokea akina mama wachache wajifunze ukunga, mradi Kiingereza chao kipimwe na kionekane kinatosha. Mtahini mgeni, mama mmoja wa Kizungu, aliwapima akampa Bathsheba nafasi ya kwanza, kisha akarudi kwao Ulaya.

Hazikupita siku nyingi, Bwana Machogu, afisa wa elimu ya watu wazima, akafika kituoni na mashtaka. Alisema aliyefanya mtihani ule hakuwa Bathsheba, bali mwanamke mwingine aliyejiita jina lake. Lilikuwa jambo rahisi kufanyika, maana siku hizo wanawake hawakuwa na vitambulisho. Ili kuthibitisha, Machogu alimwita Bathsheba ofisini kwake ampime upya. Baadaye kidogo akamwita Sajini Okemwa, aliyekuwa akingoja nje barabarani, aingie ajionee mwenyewe. Okemwa alimkuta mwanamke anatazama ukuta. Akaulizwa kwa Kiingereza jina lake ni nani, hakujibu. Akaulizwa anatoka wapi, hakujibu. Ndipo wakamfungia.

Jumatatu angepelekwa kortini. Akishashtakiwa tu, hata kabla ya hukumu, nafasi yake chuoni ingechukuliwa na aliyemfuata. Leo ilikuwa Ijumaa.

Kituoni, Sajini Okemwa alikuwa amekwisha kulipata suluhisho, kama kawaida yake.

"Ni Bonareri, Afande. Mke wa shemeji yake. Huyo amefika darasa la nane, Kiingereza anacho. Ndiye alikwenda kumfanyia."

"Siku ya mtihani Bonareri alikuwa wapi?"

Okemwa alikuna shingo. "Nimeuliza. Alikuwa hospitali, anajifungua."

"Basi alitoka kitandani na mtoto tumboni akaenda kufanya mtihani wa mwenzake."

"Wanawake wa Gesima ni wagumu, Afande."

"Niletee Bathsheba. Na umtafutie kiti chenye miguu yote."

Bathsheba aliingia amejifunika kitambaa cha kichwa, na juu ya gauni alivaa sweta ya kijani ambayo ilimbana mabegani. Obwocha aliitazama ile sweta. Ilikuwa ya mtu mwembamba, tena ya dukani, si ya kufuma. Akamsogezea uji. Mama yule aliushika mkebe kwa mikono yote miwili na kwanza akaota joto lake.

Obwocha hakuwa mwalimu, lakini alikuwa amehoji watu wengi. Alijua mtu anaweza kukariri sentensi kama kasuku, na mtu mwingine akajua lugha nzima akaimeza kwa woga. Alimngoja anywe nusu. Kisha akamwonyesha tangazo la mbwa wenye kichaa lililobandikwa ukutani, akamwomba kwa Kiingereza alisome. Alilisoma polepole, bila kuruka neno. Akamwambia ageuke na amweleze lilichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Bathsheba aligeuka, akaeleza, na akaongeza kwamba tangazo halikusema mtu aliyeumwa afanye nini, na hilo ndilo lililokuwa la maana zaidi.

"Sasa mimi ni mzazi," Obwocha akasema, bado kwa Kiingereza. "Mtoto wangu anaharisha. Nisaidie."

Hapo mama alibadilika. Alikaa wima akaanza kumwuliza yeye. Tangu lini? Ananyonya? Akilia, machozi yanatoka? Utosi umebonyea? Obwocha alitafuta neno la kujibu, akalikosa, na Bathsheba akamngoja kwa upole kama anayemngoja mtoto afunge kamba za kiatu. Kisha akamwuliza hilo hilo kwa maneno mepesi zaidi.

Okemwa alikohoa mlangoni. "Afande, mimi nadhani wewe ndiye umeanguka mtihani."

"Nyamaza, Sajini." Obwocha akamgeukia tena mwanamke. "Na mama mwenye mimba, maumivu yameanza, yuko mbali na hospitali. Unafanya nini?"

Alieleza. Alitaja kila kiungo kwa jina lake la Kiingereza, kila kinachofunguka na kila kinachotoka, bila kuinamisha uso, kama mtu anayetaja vyombo vya jikoni kwake. Wanaume wawili walikuwa mbele yake na hakuona haya, kwa sababu ilikuwa kazi.

"Bathsheba," Obwocha akasema, sasa kwa Kigusii, "Kiingereza unacho. Mbona ulinyamaza mbele ya Bwana Machogu?"

Mama aliuweka mkebe chini. Akakivuta kitambaa mpaka kikamfika kwenye nyusi.

"Uji huu kapika nani?"

"Mke wangu. Nimekuuliza jambo."

"Mwambie ahsante. Hakubania maziwa."

"Bathsheba."

"Huyo wa ofisi nimemwachia Mungu. Nipeleke kortini, Afande."

"Watakufunga. Na chuo utakikosa."

"Najua." Machozi yalianza kumtoka, akayaacha yatoke. "Yaliyosemwa mle sitayatoa kinywani mwangu. Hata kwako sitayatoa."

Obwocha aligundua kwamba tangu asubuhi mama huyo hakuwa amelitamka jina la Machogu hata mara moja.

Ofisi ya elimu ya watu wazima ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Machogu alimpokea kwa mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa na majimaji, na alinukia manukato mengi, na nyuma ya manukato jasho. Alikuwa anamung'unya peremende, akiihamisha kutoka shavu hili hadi lile kila alipotaka kusema. Obwocha alijifuta mkono kwenye suruali, na hakujali kama ameonekana.

"Hawa mama zetu, Inspekta," Machogu akasema. "Unawaonea huruma, lakini ufanye nini? Mtu amezaa, amelima, amezeeka, leo anataka kusema Kiingereza kama binti wa misheni. Unajua wanavyosema?" Akabana pua, akaiga sauti ya mwanamke akihangaika na neno moja la Kiingereza, akalirudia na kulirudia, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Kuwapima ni kama kukagua ng'ombe sokoni. Unamfungua mdomo, unaangalia kilichomo, unafunga."

"Na Bathsheba ulimkagua vipi?"

"Mambo ya kawaida tu. Soko. Mvua. Ana watoto wangapi. Hata bubu angejibu."

"Ulikuwa unamfahamu kabla?"

"Sijawahi kumwona kwa macho yangu. Mimi mtu wa Kiogoro. Mwanamke wa Gesima nitamjulia wapi?"

"Sasa nafasi ataipata nani?"

"Aliyemfuata. Jemimah fulani." Peremende ilihama shavu. "Utakunywa chai?"

"Siinywi," Obwocha akasema. Kwa kweli aliipenda chai, ila si katika vikombe vya mtu yule.

Katika chumba cha nje alikaa mpiga chapa, msichana mwembamba aitwaye Persis. Kati ya meza yake na ofisi ya bosi palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Alikuwa anapiga chapa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, na mabega yake yalikuwa wazi kwa baridi.

"Sweta ya kijani ni yako," Obwocha akasema kwa sauti ya chini.

Vidole vya Persis vilisimama. "Walimchukua alivyo. Seli ina baridi, Afande."

"Ulimpa kwa nini, kama ni mdanganyifu?"

Msichana alitazama mlango wa ndani. Obwocha akamwashiria, wakatoka hadi kwenye ngazi, na hapo chini kelele za wauza ndizi ziliyafunika maneno yao.

"Mtu anayetafuta jibu nimemsikia mara nyingi," Persis akasema. "Kila wiki wanapimwa hapa. Utamsikia anapumua, anasema 'eee', anaanza, anaacha, anaanza tena. Yule mama hakutafuta. Alijibu ya kwanza vizuri, ya kuhusu safari yake. Kisha Bwana Machogu akaanza yale mengine."

"Yapi?"

Persis alifumba macho. "Ya mwili, Afande. Wa mwanamke na wa mwanamume. Alimwambia avitaje kimoja kimoja na amwonyeshe vilipo. Aliponyamaza, akavitaja yeye, akamwambia arudie. Alikuwa anacheka. Mimi nilipiga chapa ukurasa mzima usio na maana, nisisikie. Sajini alipoitwa ndipo yakageuka kuwa ya jina na kwao."

"Yeye akafanya nini?"

"Nilichungulia. Alijifunika kichwa, akageukia ukuta. Nilidhani ni woga."

"Na huyu Jemimah fulani?"

"Ni mdogo wa mke wake wa pili. Anakuja hapa kila siku kumletea chakula."

Obwocha alimshukuru. Akashuka hadi kwenye bomba la maji nyuma ya duka, akanawa mikono, kisha akasukutua mdomo akatema, ingawa hakuwa amekula kitu.

Aliyapanga mambo akiwa pale bombani. Maneno yale yale Bathsheba aliyasema asubuhi mbele ya wanaume wawili wasiomhusu, bila kusita. Kwa hiyo maneno hayakumfunga ulimi. Aliyemfunga alikuwa mwulizaji. Na kujifunika kichwa na kugeukia ukuta Obwocha alikuona nyumbani kwake mwenyewe, siku ambazo Loice alikutana ghafla na baba mkwe. Wagusii huiita chinsoni, ile heshima kali kati ya mke na baba wa mumewe, pamoja na ndugu wote wa baba huyo. Hawashikani mikono. Mke hatamki jina la baba huyo. Hawataji mambo ya mwili mmoja mbele ya mwingine. Wala baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mkaza mwana, mpaka kufa.

Lakini Machogu alikuwa mtu wa Kiogoro, na hakumjua mwanamke yule. Ndivyo alivyosema. Kumwuliza tena kungemfundisha tu kudanganya vizuri zaidi.

Obwocha alirudi seli akamwomba Bathsheba ufunguo wa nyumba yake. Mama alifikiri kidogo, akaufungua kutoka kwenye pindo la gauni. "Usiniachie mlango wazi," akasema tu, "kuku wataingia."

"Kuna karatasi za Kiingereza nyumbani kwa mtuhumiwa," Obwocha alimwambia Machogu mchana huo. "Sisi polisi hatujui ipi ni ya mtihani na ipi ni ya kufungia sukari. Twende ukatutambulie."

"Mtume mwalimu wao."

"Mwalimu wao naye tunamshuku. Afisa ni wewe."

Machogu alizungusha peremende. "Niko na kazi nyingi."

"Niandike kwamba umekataa?"

Akapanda Landrova ya polisi. Hadi Keroka aliongea bila kupumzika, juu ya wanawake na Kiingereza chao, na Okemwa aliyekuwa akiendesha alicheka mara mbili kisha akaacha kucheka. Walipokata kuelekea Gesima, katikati ya mashamba ya chai, Machogu alinyamaza. Mvua ya mchana ikawadondokea, kubwa na baridi, wakasimamisha Landrova kando ya nyumba ya udongo yenye bati, safi, na maua ya manjano yamepandwa mbele yake.

Obwocha alifungua kufuli, akaingia. Okemwa akamfuata. Juu ya meza palikuwa na vitabu vya mazoezi vimepangwa, na jiwe juu yake visipeperuke.

"Karibu ndani, Bwana Machogu."

"Niletee hapa."

"Zitalowa."

"Viatu vyangu vina matope. Nitachafua nyumba ya watu."

Okemwa alitazama viatu vyake mwenyewe, vilivyokwisha kujaza sakafu tope. "Bwana, vyako mbele ya vyangu ni vya harusi."

"Moshi wa nyumba hizi hunisumbua kifua."

"Jiko halijawashwa tangu juzi, watoto wako kwa bibi yao," Obwocha akasema. "Kuna ubaridi tu."

Maji ya bati yalikuwa yanamwangukia Machogu shingoni na kumtiririkia hadi kwenye mkanda. Manukato yalianza kumtoka na kunuka upya, matamu ya kuchefua. Badala ya kusogea mbele hatua moja, alirudi nyuma, mvuani kabisa. Obwocha akakichukua kitabu kimoja, akakiweka wazi kwenye ncha ya meza, karibu na mlango. Machogu alinyoosha shingo kukisoma, akainama mpaka karibu aanguke. Kiatu hakikuvuka kizingiti.

"Nimeingia nyumba nyingi katika kazi hii," Obwocha akasema. "Mwizi anaingia. Mdai kodi anaingia hata bila kubisha. Mgeni wa Kiogoro asiyejulikana na mtu, akinyeshewa, anaingia, anakaa, anaomba chai. Mimi namjua mtu wa aina moja tu ambaye atalowa mpaka apate homa wala asikanyage hapa. Unataka nikutajie?"

Machogu alijifuta maji usoni. Peremende labda aliimeza, maana shavu lilibaki tupu.

Kutoka kwenye chai akaja bibi mmoja mzee, kikapu mgongoni na gunia kichwani kama kofia. Alikuwa Kemuma, mama mkwe wa Bathsheba. Aliwaona polisi akapunguza mwendo, kisha akamwona anayelowa, na akasahau polisi.

"Machogu? Si wewe, mdogo wa mume wangu?" Alilivua gunia kichwani ampe. "Umesimama mvuani kama mti. Njoo kwangu, kule kwangu utaingia. Tangu harusi ya Bathsheba hujakanyaga hapa. Ulikula mguu mzima wa mbuzi siku ile, nikasema sasa huyu atazoea nyumbani."

"Omong'ina," Obwocha akamwita kwa heshima ya wazee, "huyu ni nani kwenu?"

"Ni mtoto wa Nyangau, kama mume wangu alivyokuwa. Baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake aliondoka naye akiwa mdogo, akakulia Kiogoro kwa wajomba. Kwani amesemaje?"

"Amesema hajawahi kumwona Bathsheba kwa macho yake."

Bibi alimtazama shemeji yake. Gunia lilikuwa bado mkononi, limenyooshwa kuelekea kwake.

"Kizingiti chake umekionea haya," Obwocha akamwambia Machogu. "Yale uliyomwuliza ofisini hukuyaonea haya."

"Nilimwuliza kwa Kiingereza." Sauti ya Machogu ilikuwa nyembamba. "Kiingereza si lugha yetu. Chinsoni haimo ndani yake. Mtu akisema kitu kwa Kiingereza, ni kama hajasema. Yeye ndiye aliyeleta mambo ya kijijini kwenye ofisi ya serikali."

"Ulijua atayaleta. Ndiyo maana uliuliza. Ulijua hatakujibu, na ulijua hatamwambia mtu ni kwa nini."

Okemwa, ambaye hakosi neno, alikwenda kusimama upande wa pili wa gari na kutema mate.

"Alimwuliza nini?" Kemuma akasema.

Obwocha aliangalia vitabu juu ya meza. "Omong'ina, hilo usiniulize."

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na haja ya kuambiwa, maana aliusoma uso wa askari, na uso wa shemeji yake, na mlango. Polepole akalirudisha gunia kichwani mwake.

"Ndiyo sababu hakusema," akasema. "Mtoto yule. Angesema, angekuwa ameyarudia." Akampa Machogu mgongo, na hakumwangalia tena, hata Okemwa alipomshika mkono na kumpandisha nyuma ya gari kwa kutoa habari za uongo kwa polisi. Ya wazee wa ukoo yangekuja baadaye, na hayo hayakuwa ya Obwocha.

Mvua ilipungua. Obwocha aliviweka vitabu sawa, akarudisha jiwe juu yake, akafunga mlango akalijaribu kufuli. Akamkabidhi bibi ufunguo.

"Bathsheba analala kwake leo. Nitamleta mwenyewe kabla ya giza. Jumatatu haendi korti, anaenda chuo."

"Huko chuoni pia watampima?"

"Mara kwa mara."

"Wanaume?"

"Wengine ni wanaume."

"Si wa kwetu?"

"Si wa kwenu, omong'ina."

"Basi ataongea," Kemuma akasema. "Mtanyamaza nyinyi."

Alimsindikiza hadi kwenye Landrova, akisimama upande ambao hangemwona aliyekaa nyuma. Alichota chai mbichi kutoka kwenye kikapu, akaitazama, akaona haitamfaa mtu bila kiwanda, akairudisha. Hakuwa na kingine cha kumpa.

"Akienda nitabaki na wajukuu tu," akasema. "Uje tena, mwanangu. Lakini hilo gari uliache Keroka, uje kwa miguu. Watu wa hapa wakiliona, kila mmoja anakimbia kuhesabu watoto wake."

"Nitakuja."

"Uje kweli," bibi akasema, mkono wake bado umeshika dirisha.